Sinema ya Mke Aliyegoma Kurudi

Kaanaeli hakuwa mlevi, hakuwa mgomvi, na hakuna aliyewahi kumsikia akimtukana mkewe. Shida yake ilikuwa tarumbeta. Alikabidhiwa na usharika akiwa bado kijana, wakati kundi la wapuliza tarumbeta la kanisa lilipokuwa likitafuta mtu mwenye mapafu mazuri, na tangu siku hiyo akaona kuongea kwa mdomo mtupu ni kujishusha. Jumapili alipuliza kanisani, jambo ambalo halina neno. Jumatatu hadi Jumamosi alimpulizia mkewe, Eunike.

Mlio mmoja mfupi maana yake alete uji. Miwili mifupi, maji ya kunawa. Mrefu unaopanda mwishoni, ng'ombe ametoka zizini. Akitaka kwenda matembezini alipuliza mstari wa kwanza wa wimbo wa kufunga ibada, na akirudi alipuliza ule wa kufungulia. Eunike asipotokea upesi, Kaanaeli hakukasirika hata kidogo. Alirudia kwa madaha zaidi, maana alidhani mara ya kwanza hakuupatia mlio vizuri. Upande wote ule wa Mlima Meru ulimsikia. Majirani waliamkia mlio wa uji, na siku moja Magdalena wa shamba la chini alijikuta amefika mlangoni kwa Kaanaeli na ndoo ya maji ya moto, anahema, asijue ni nani aliyemtuma.

Watu walicheka. Eunike naye mwanzoni alicheka. Lakini miaka ilipita na jina lake likawa halitajwi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mumewe hakumwuliza ameamkaje, hakumwambia mvua inakuja. Siku aliyojikata panga kwenye migomba, aliingia ndani damu inamtiririka, na Kaanaeli akamtazama, akachukua tarumbeta, akapuliza mlio wa maji ya kunawa. Jioni ile Eunike alilia sana, na si kwa sababu ya kidonda. Mungu hakuwa amewajalia mtoto, kwa hiyo mle ndani hapakuwa na mtu mwingine wa kusema naye, na alikuwa ameanza kuzungumza na masufuria.

Alitaka kitu kimoja tu: kurudi kwa baba yake, na baba yake amwambie karibu.

Baba yake, Mzee Sadoki, alikuwa mzee wa kanisa, na alikuwa na shamba la kahawa na migomba upande wa pili wa mto. Eunike alikwenda kwake mara kadhaa, na kila mara mambo yalikwenda hivi:

"Amekuinulia mkono?"

"Hapana, baba."

"Amekunyima chakula?"

"Hapana."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Hana. Ananipulizia tarumbeta."

Mzee Sadoki alifikiri. "Tarumbeta ni mali ya kanisa," akasema. "Rudi kwa mumeo."

Na aliisema vizuri sana hiyo rudi kwa mumeo. Alisimama langoni, akanyoosha mkono kuelekea njiani, sauti ikamtoka kifuani hadi ndege wakaruka kutoka kwenye miti ya migruvea. Nyuma yake alisimama mama yake Eunike, Mama Penina, mwenye maneno mengi usoni bila hata moja mdomoni. Eunike aligeuka akashuka zake, na kabla hajavuka mto alikwisha kusikia anaitwa kupika uji.

Basi miaka ile, vita vya pili vya dunia vikiwa vimekwisha, serikali ya Mwingereza ilishikwa na homa ya kufundisha watu kwa sinema. Kulikuwa na sinema ya kunawa mikono, sinema ya kukata matuta, na sinema ya mtu aliyepanda miti na mwenzake aliyekata. Zamu ya ndoa ilipofika, ofisi fulani huko Dar es Salaam ikatunga kisa, ikakiita Mke Aliyerudi, kisha ikapakia mashine ya picha kwenye lori na kuituma Arusha pamoja na Mzungu mwembamba mwenye masikio mekundu. Mzungu huyo alikuwa na jina lake, lakini halikukaa. Neno la Kiswahili alilolijua kuliko yote lilikuwa "tena", na kabla ya siku ya kwanza kwisha kila mtu alikuwa akimwita Bwana Tena.

Mkalimani wake aliitwa Dismasi, mtu wa Tabora aliyepanga chumba Kijenge, mjini Arusha, mwenye tai shingoni na hofu kubwa ya ng'ombe. Dismasi ndiye aliyewasomea watu kisa hicho mbele ya kanisa. Mwanamke anamwacha mumewe. Kwa nini anamwacha? Kisa hakikusema. Anakwenda kwa baba yake, baba anamkataa. Anatangatanga, anajuta, anarudi, na mume anampokea kwa furaha, kisha wote wawili wanakunywa maji yaliyochemshwa. Maji yaliingizwa na ofisi nyingine iliyosaidia gharama.

Walitakiwa mume na mke wa kweli. Mchungaji akamtaja Kaanaeli kwa unadhifu wake, na Eunike akaingia humo kama mkia unavyoingia na ng'ombe. Kwa baba, wazee wengi walijaribiwa kumkataa binti, na wengi walishindwa. Mmoja alimkataa vizuri, lakini akaharibu kwa kumwuliza kwanza kama ameshakula. Zamu ya Mzee Sadoki ilipofika, alinyoosha mkono akasema rudi kwa mumeo, na Bwana Tena akaangusha kofia. Hakuhitaji mkalimani. Alimshika mzee mkono akautikisa kwa nguvu, na Mzee Sadoki akarudi nyumbani amefurahi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsifu kwa jambo lile.

Eunike hakufurahi. Alikuwa amekataliwa mara nyingi pasipo watu. Sasa angekataliwa mbele ya mlima mzima, na kwa sinema.

Walianzia kwa Kaanaeli, kwenye kuondoka. Eunike alitakiwa atoke nyumbani na mzigo kichwani, uso umejaa huzuni ya mtu anayefanya kosa. Alitoka na mzigo kichwani, uso kama wa mtu anayekwenda harusini. Bwana Tena akasema tena. Akatoka tena, safari hii karibu aimbe. Wakamletea kitunguu, wakamkatia chini ya pua, akatoka huku machozi yanamchuruzika na bado anatabasamu, na Bwana Tena akaona heri yaishie hapo. Kaanaeli ndiye aliyepata taabu zaidi. Sinema yenyewe haikuwa na sauti, maneno yangesemwa na Dismasi kwenye kipaza sauti siku ya kuonyeshwa, hata hivyo mume alitakiwa aonekane akimsihi mkewe asiende. Aliomba apewe tarumbeta yake, wakamnyima. Akabaki amesimama anafumbua na kufumba mdomo, hajui kinachofuata.

Kutoka hapo msafara mzima ulivuka mto kwenda kwa Mzee Sadoki: lori, mashine, mchungaji, na kila mtu ambaye siku hiyo alikuwa na kazi nyingine ya kufanya. Mzee alisimama langoni na koti lake la Jumapili. Bwana Tena akamtazama Eunike, akatikisa kichwa. Mkono mtupu, alisema. Mwanamke wa hapa akija kwa baba yake lazima ashike kitu.

Mama Penina akaleta kuku. Eunike akasogea langoni, mzigo kichwani, kuku mikononi, na Mzee Sadoki akafungua kifua akasema lile neno lake kwa nguvu ambazo hakuwahi kuzitumia hata kwa kumkataa kweli. Kuku naye ana masikio. Aliruka, akampiga Eunike usoni kwa mabawa, akatua juu ya kofia ya Bwana Tena, kisha akatokomea kwenye kahawa, na mlima mzima ukamkimbilia. Ilichukua muda kumpata, na alipopatikana hakufaa tena kwa picha.

Wakaleta kibuyu cha maziwa mgando. Eunike alimnyooshea baba yake kibuyu, na mzee, kwa mazoea ya miaka yote, akakipokea, akanywa, akafuta mdomo, ndipo akakumbuka kumkataa. Bwana Tena akasema tena. Kibuyu kikajazwa, mzee akanywa tena.

Ndipo Bwana Tena alipouona ua. Shamba la Mzee Sadoki lilizungukwa na masale, mimea yenye majani marefu ya kijani kibichi, iliyopandwa na baba yake mzee huyo kuonyesha mpaka. Jani moja la isale lilichomoza juu ya mengine likang'aa juani. Mzungu akaenda mwenyewe, akalivunja, akaja akalitia mikononi mwa Eunike, akarudi kwenye mashine yake akiwa na uso wa mtu aliyepata alichokuwa akitafuta.

 Kwa Wameru, mtu akikujia na jani la isale mikononi amekuja kuomba apokewe na yaliyopita yaishe, na huwezi kumkataa, hata kama amekuchomea nyumba. Hilo halihitaji kuandikwa popote. Mchungaji alitazama viatu vyake. Dismasi, mtu wa Tabora, alikuwa akifunga kamba ya kiatu huku anamwangalia ng'ombe mmoja kwa wasiwasi. Eunike alilijua vizuri alilolishika. Angeweza kusema. Lakini nani alimwuliza?

Alikwenda langoni akapiga magoti, akalinyoosha jani kwa mikono miwili.

Mzee Sadoki alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale, tayari, na mkono ulikwisha kuinuka kuelekea njiani. Kisha mkono ukashuka, ukapokea jani. "Imekwisha," akasema kwa sauti ya chini. "Ingia ndani."

Bwana Tena akaruka toka nyuma ya mashine, na Dismasi akatumwa.

"Mzee, unatakiwa umkatae."

"Najua."

"Mbona umempokea?"

"Ameshika isale."

"Hilo ni jani tu, mzee wangu. Na aliyelichuma ni Bwana."

"Nimemwona aliyelichuma. Mwambie achume kitu kingine."

Dismasi akaenda akamwambia Bwana kwamba mzee anasema jani halifai. Bwana akajibu kwamba tangu afike Tanganyika hajaona kitu kinachofaa kwa picha kama jani lile. Likavunjwa jingine. Eunike akarudi njiani, akaja, akapiga magoti. Mzee akalipokea. Likavunjwa jingine. Bwana Tena alijaribu kusogeza mashine, akajaribu kumvua mzee koti, akasimama mwenyewe langoni akaonyesha jinsi baba Mwafrika anavyokataa. Mzee Sadoki alimtazama kwa heshima, akakubali kwamba ameelewa, na Eunike alipokuja akampokea tena. Ua ulianza kuota upara. Bibi mmoja kizee alikuwa akipiga vigelegele kila binti anapoingia, na hakuna aliyeweza kumnyamazisha, kwa kuwa kwa kweli kila mara binti alikuwa anapokewa. Ilipofika mchana Mama Penina alikwisha kubandika loshoro jikoni, mahindi na maziwa mgando, chakula cha kumkaribisha aliyerudi, akawalisha watu wote, na Bwana Tena akala bakuli mbili akisema ni watu wakarimu ila wagumu kufundishika.

Mwishowe akakata tamaa na hilo, akasema wakapige picha ya kurudi kwa mume, na ile ya kukataliwa atajua la kuifanyia huko Dar es Salaam. Msafara ukavuka mto tena. Kaanaeli alikuwa amesimama mlangoni kwake na gilasi mbili za maji yaliyochemshwa. Eunike alifika kwenye uwazi wa ua, mzigo kichwani, akasimama.

"Ingia, dada," alisema Dismasi.

"Siingii."

"Ni sinema tu."

"Hata kule kwa baba ilikuwa sinema tu, na nimeingia. Nikiingia hapa nitakuwa nimeingia."

Bwana Tena akataka kujua anasema nini. Dismasi alimwangalia yule mwanamke. Kwa mara ya kwanza tangu apande mlimani alisahau ng'ombe. "Anasema jua ni kali mno," akamwambia Bwana.

Basi Bwana Tena akangoja wingu. Alikaa kwenye kiti chake cha kukunja, kofia usoni, na Kaanaeli akangoja na gilasi zake, na Eunike akangoja na mzigo wake. Wingu likaja kutoka mlimani, na nyuma yake ikaja mvua nzima, mvua ya Meru isiyobisha hodi. Lori lingekutwa na mvua kwenye njia ile, lingelala huko mpaka kiangazi. Wakafunika mashine kwa turubai wakakimbia, na sinema ya Mke Aliyerudi ikabaki bila wa kurudi.

Eunike aligeuka kwenye mvua akavuka mto. Nyuma yake alisikia mlio mmoja mfupi, mlio wa uji. Hakugeuka.

Usifikiri mambo yaliishia hapo. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, wazee walikaa nyuma ya kanisa kuamua kama Eunike amerudi kwao au amecheza tu. Aliyeongoza ni Mzee Ephraimu, mkubwa wa ukoo, aliyekuwa akisinzia na kuzinduka pale hasa anapotakiwa. Kaanaeli alikuja na tarumbeta kwapani. Ilimbidi aseme, na alipofungua mdomo watu walitazamana, kwa kuwa wengi hawakuwahi kuisikia sauti yake. Ilikuwa nyembamba na imeshika kutu. Eunike mwenyewe alimhurumia kidogo.

"Ulikuwa mchezo," alisema Kaanaeli. "Na jani alilivunja Mzungu."

Mzee Ephraimu alifumbua jicho. "Kama jani ni la aliyelivunja, basi ni Mzungu aliyeomba kupokewa. Sadoki, una kitanda cha Mzungu?"

"Sina," akajibu Mzee Sadoki. "Na ana nyumba yake Dar es Salaam."

"Basi jani ni la binti."

Kaanaeli akafikiri, akasema kwamba hata hivyo alipokewa mara nyingi mno, jambo ambalo haliwezi kuwa la kweli. Mzee Ephraimu akasema mtu aliyeingia mara nyingi amezidi kuingia. Mchungaji aliulizwa, akasema kanisa halitambui majani. Akaulizwa kama yeye angeletewa isale angelikataa. Akasema ana mgonjwa wa kumtembelea, akaondoka.

Ndipo Mzee Ephraimu alipomgeukia mume kwa upole. "Mwanangu, hatukufungi. Mkeo huyo hapo amekaa. Mwite kwa jina lake. Akiinuka, mchukue mwende."

Kaanaeli alimtazama Eunike kwa muda mrefu. Midomo yake ilisogea. Eunike alijishika magoti, na hata yeye hakujua angefanya nini kama jina lake lingetoka kwenye mdomo ule. Kisha Kaanaeli akainua tarumbeta, akapuliza mlio ambao haujawahi kupulizwa hapo usharikani kwa uzuri ule, mrefu, laini, unaotetemeka mwishoni, na hata wazee walifumba macho.

Aliyeinuka ni Magdalena.

Akakaa upesi, akaficha uso kwenye kanga, lakini shauri lilikwisha. Kaanaeli alirudi kwake, na kwa miaka mingi baadaye alipuliza mlio wa uji kila asubuhi, kisha akaenda jikoni mwenyewe kujiitikia.

Eunike akakaa kwa baba yake. Ungedhani amepata alichotaka, na mwanzoni naye alidhani hivyo. Alikuwa na chumba, alikuwa na mama yake wa kuzungumza naye mpaka masufuria yakapumzika. Lakini Mzee Sadoki alikuwa mzee wa kanisa mwenye binti aliyemwacha mume, na kila mgeni aliyeketi sebuleni alitazamwa machoni na kupewa maelezo yale yale. "Nilifungwa na isale," mzee alisema. "Kama si jani lile, mngenikuta nimemkataa. Bwana yule mwenyewe alinisifu." Aliwaambia wageni, akawaambia wanunuzi wa kahawa, akamwambia hata mtu aliyekuja kuuliza njia. Eunike alisikia yote akiwa jikoni, na yalimwuma. Alikuwa amepokewa na jani. Baba yake alikuwa pale tu kulishika.

Aliyameza. Akawa anashuka Arusha kuuza ndizi Ngarenaro, akajulikana huko kwa ndizi zake nono na kwa kutompunguzia mtu bei akimwita kwa mluzi. Wakimwita kwa jina, alipunguza. Huko ndiko alikomkuta Dismasi siku moja, tai ile ile, akinunua kitunguu.

"Shikamoo, kaka Dismasi," alimtania. "Sinema yetu iko wapi?"

Dismasi akacheka, kisha akacheka kwa huzuni. Wakubwa wa Dar es Salaam, alisema, walitazama kipande kidogo wakauliza ni sinema gani ya kurudi ambayo hakuna anayerudi. Ikatupwa kabatini bila kukatwa wala kuungwa. Bwana Tena alihamishiwa kwenye sinema za mbegu. Lakini watu wa mlimani waliahidiwa kuiona, na mashine ya kuonyeshea ilikuwa inakuja Arusha kwa ajili ya sinema ya mbolea. Angeiomba.

Akaiomba kweli. Ilionyeshwa mara moja tu, shuleni kule mlimani, alasiri, na haikuonyeshwa tena popote. Ili chumba kiwe giza, kila nyumba ilileta blanketi la kuzibia madirisha, na watu walikaa ndani ya joto na harufu za mablanketi ya usharika mzima. Kaanaeli alikaa mbele kabisa. Mzee Sadoki alikaa nyuma kati ya mkewe na Eunike, amevaa koti la Jumapili, na kabla taa haijazimwa alikwisha kumweleza mwalimu wa shule habari za jani.

Picha zikaanza kwenye shuka lililotundikwa ukutani. Eunike akajiona anatoka kwa Kaanaeli na kulia huku anatabasamu, na watu wakacheka mpaka vumbi likatimka. Kwa kuwa mkanda haukuunganishwa, Dismasi alishindwa kujua aseme nini wapi, akazima kipaza sauti, akabaki kutazama kama wengine. Hapakuwa na maneno yoyote, ila mlio wa mashine.

Likaja lango la Mzee Sadoki na yule kuku. Mzee alionekana amenyoosha mkono, mdomo wazi, na bila ile sauti yake alikuwa mzee tu mwenye mdomo wazi. Kuku akaruka. Kofia ya Bwana Tena ikapita. Watu wote wa kwenye shuka wakakimbilia kahawa, Bwana mwenyewe mbele yao, na mashine ikabaki inazunguka peke yake bila mtu. Langoni wakabaki wawili: mwanamke aliyefumba macho kwa manyoya, mikono usoni, na baba yake.

Mzee wa kwenye shuka alitazama huku. Akatazama kule. Alipoona hakuna anayemwangalia, alimsogelea binti, akamtua mzigo kichwani kwa mikono miwili, taratibu, akaubeba kuupitisha langoni mpaka karibu na mlango wa nyumba, akauweka, akaufuta vumbi. Kisha akarudi mbio kidogo mahali pake, akanyoosha mkono kuelekea njiani, akafungua mdomo tena.

Eunike siku ile alidhani mzigo ulimwanguka na mtu akauokota. Kicheko mle ndani kilikuwa kimekufa. Aligeuka akamtazama baba yake. Mzee Sadoki alikuwa amekaza macho kwenye shuka, mikono juu ya fimbo.

"Baba," alisema Eunike polepole, "hapo jani lilikuwa bado."

Mzee alikohoa. 

"Mzigo ule ulikuwa mzito," akasema.